Chupa ya Kisima cha Tano

Kila asubuhi, kabla jua halijachoma, Kalamu alishuka bondeni na ndoo mbili. Kalamu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Walimu ndio waliompa, kwa sababu mwandiko wake ulinyooka utadhani umechapwa na mashine, na jina hilo likamganda hadi nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, miguu mirefu, maneno mengi, na kasoro moja ambayo mama yake aliisema asubuhi, mchana na jioni: kila kazi alitaka iishe upesi akacheze.

Bondeni palikuwa na pampu ya mkono, na mtaa mzima ulikunywa pale. Watu walipanga ndoo zao foleni, wakapiga soga na kutaniana. Mchangamfu kuliko wote alikuwa Fundi Cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama mnene ambaye hakukosa neno la kumwambia mtu.

"Kalamu, leo umekuja kuchota au kuandika?" aliuliza.

"Kuchota, shangazi. Wino nimeuacha nyumbani."

"Basi sukuma kwa nguvu, mwanangu. Maji haya hayapandi kwa mwandiko mzuri!"

Watu wakacheka, Kalamu naye akacheka, akajaza ndoo zake. Maji yalikuwa baridi na maangavu, na hakuna aliyewahi kuyalalamikia.

Juu ya bonde hilo kulikuwa na kilima, na juu ya kilima uwanja uliozungushiwa ukuta. Ukutani palibandikwa mabango ya njano yenye alama nyeusi ya mapanga matatu, ambayo watoto waliiita feni. Ndani ya ukuta huo zilizikwa taka zenye mionzi: vipande vya mashine za hospitali vilivyochakaa, chupa za dawa, glavu na mavazi ya wafanyakazi wa viwandani. Zilifungiwa kwenye mapipa, mapipa yakapangwa kwenye mahandaki ya zege, na juu yake ukashindiliwa udongo wa mfinyanzi ili mvua isipenye. Mionzi haina harufu, haina rangi, haina ladha. Ikiingia kwenye maji, hata ukiyachemsha kutwa nzima haitoki. Kwa hiyo kuzunguka kilima, nje ya ukuta, vilichimbwa visima sita vya kupimia, vyembamba kiasi kwamba hata mtoto hawezi kutumbukia. Mtu wa kuviangalia alikuwa mama yake Kalamu.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi mama alivizungukia visima hivyo, akachota chupa moja kwa kila kisima, na chupa zikapelekwa maabara mjini; majibu yalirudi kwa Mhandisi, msimamizi wa uwanja ule. Mtaani walimwita Mama Chupa, naye aliitika bila kinyongo.

Siku moja alimwonyesha binti yake kazi ile ina maana gani. Alijaza karai mchanga, akaliinamisha, akadondosha wino upande wa juu, kisha akamwagia maji kidogo kidogo. Wakangoja. Baada ya muda wino ulitokeza upande wa chini, umefifia, lakini upo.

"Umeona?" mama alisema. "Maji ya chini ya ardhi hayakai mahali pamoja. Yanatembea, polepole mno, lakini yanatembea. Yakitoka kilimani yanakwenda wapi?"

"Bondeni."

"Bondeni kuna nini?"

"Pampu."

"Na katikati ya kilima na pampu?"

"Kisima cha tano."

"Basi mahandaki yakivuja, kisima cha tano ndicho kitakachotuambia kwanza. Hivyo vingine viko pembeni au juu. Wala havitajua."

Kalamu alielewa barabara. Hakuweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Mwaka huo mama aliteleza kwenye tope, goti la kulia likavimba na likakataa kupona. Visima vitano alivifikia kwa njia ya kilimani, akichechemea na fimbo. Cha tano kilikuwa chini ya mteremko wa mawe, na goti lake halikuuweza. Sheria ya kazi ilisema mtu yeyote asiyefunzwa asiguse visima, na mama aliijua vizuri maana aliitia saini kwa mkono wake. Lakini aliogopa kwamba akisema goti limemshinda, kazi atapewa mwenye magoti mazima. Baba wa watoto alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, aliyeonekana nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Mama akanyamaza, akamfundisha Kalamu, akawa anamtuma.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua zake. Kila kisima kilikuwa na kopo lake la chuma, refu na jembamba kama pampu ya baiskeli, ili maji ya kisima kimoja yasichanganyike na ya kingine. Unafungua kufuli, unapima kina cha maji, unafunga kamba kwenye kopo kwa fundo la mizunguko miwili, unalishusha. Maji ya kwanza, yaliyolala kisimani mwezi mzima, unayamwaga, ndoo tatu nzima. Baada ya hapo ndipo unajaza chupa. Ukiyafuata yote hayo, kisima kimoja kinakula saa nzima.

Mara ya tatu ya Kalamu kushuka peke yake ilikuwa siku ya mashindano ya kuruka kamba shuleni. Sauti za wenzake zilimfikia hadi mteremkoni. Akafunga fundo la mzunguko mmoja, akalivuta haraka haraka, akashusha kopo. Lilipogusa maji, kamba ikalegea mkononi mwake. Akaivuta. Ilirudi tupu, ncha yake inatiririka maji.

Alichungulia, akaona giza. Alijaribu kuvua kwa kipande cha waya, waya haukufika. Chupa ilikuwa imesimama juu ya jiwe, kibandiko chake kimeshaandikwa kwa mwandiko mzuri: *Kisima cha tano*. Mama alikuwa amekwenda na ufunguo wa kisima cha sita, upande wa pili wa kilima. Funguo nyingine zote zilikuwa mfukoni mwa Kalamu, na kisima cha nne hakikuwa mbali.

"Maji ni maji," alijiambia. Akapanda, akafungua kisima cha nne, akachota kwa kopo la kisima hicho, akajaza chupa ya cha tano. Hata kumwaga ndoo tatu hakumwaga. Kwenye karatasi ya vipimo, safu ya kina cha maji, akaandika mita tisa nukta mbili, kama mwezi uliopita. Kisha akakimbilia mashindano, na akashinda.

Jioni ile alikusudia kumweleza mama, lakini mama alikuwa anakanda goti lake kwa maji ya moto huku amekunja uso. Kalamu akajiambia, kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mwezi wa pili ulipofika mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani sasa angelazimika kueleza na kwa nini hakueleza. Akajaza tena kutoka kisima cha nne. Mwezi wa tatu akajaza. Alhamisi ya mwezi wa nne ilimkuta mikono yake imeshaizoea kazi ile. Tisa nukta mbili. Uongo una tabia hiyo mbaya, unazoeleka upesi kuliko kazi halali.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wakila chakula cha mchana, Kalamu, mama, na mdogo wake wa miaka mitatu aliyeitwa Kibonge kwa mashavu yake. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Huko kazini tumeletewa bwawa," mama alisema, akimega mkate. "Udongo umetitia juu ya handaki la tatu. Maji yamesimama pale, bata wangeweza kuogelea."

Kalamu aliacha kutafuna. "Watalifukia lini?"

"Kiangazi. Mashine za kushindilia ziko kwenye kazi nyingine."

"Mbona mbali, mama?"

"Mhandisi hana wasiwasi. Amenifungulia daftari, akaniwekea kidole: kisima cha tano safi, safi, safi. Na chupa ya juzi ikija itakuwa safi. Anasema, handaki lingekuwa linavuja, kisima cha tano kingeshasema zamani. Hatuna haraka."

Kalamu alirudisha mkate wake sahanini. Kumbe mtu mzima, mwenye elimu yake na ofisi yake, alikuwa ametulia kwa sababu ya chupa zile. Maji yalikuwa yamesimama juu ya mapipa yale wakati huohuo, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Maji," Kibonge alisema, akinyoosha kikombe chake. Mama akakijaza kutoka kwenye jagi. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni.

"Asinywe!" Kalamu aliruka, akakipiga kikombe kikaanguka. Kibonge akaangua kilio.

"Una wazimu wewe?" mama alifoka. "Kuna nini?"

Ndipo akasema yote. Alisema haraka, maneno yakijikwaa: fundo, kopo, kamba tupu, kisima cha nne, tisa nukta mbili, miezi minne. Machozi yalimtoka kabla hajafika katikati.

Mama hakupiga kelele. Kalamu alitamani apige. Mama alikaa, ameshikilia kipande cha mkate, anatazama maji yanavyotambaa sakafuni kutoka kwenye kikombe.

"Miezi minne," alisema hatimaye. "Mtaa mzima."

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza nifikiri." Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, ya kuibia. "Sikiliza. Mwezi ujao nitashuka mwenyewe, hata kwa kutambaa. Nitalitoa kopo, nitachota. Majibu yatakuja yatakavyokuja. Labda hakuna kitu. Hakuna sababu ya mtu kujua habari hii."

"Na Mhandisi?"

"Akijua nilikuwa nakutuma wewe, kazi imekwisha. Unaelewa? Imekwisha. Tutakula nini?"

Kalamu hakuwahi kumwona mama yake akiogopa. Jambo hilo lilimtisha kuliko kofi lolote. Alitaka sana kukubali. Angekubali, mambo yangerudi kama zamani, na asubuhi angetaniana tena foleni. Lakini Kibonge alikuwa ameinama, anafuta maji ya sakafuni kwa kiganja, kisha analamba kiganja.

Kalamu alimnyanyua mdogo wake, akamfuta mkono. "Na mwezi huu wote, mama, huyu atakunywa nini?"

Mama alimtazama Kibonge. Alitazama jagi. Akashika fimbo yake, akasimama.

"Mbebe mtoto," alisema. "Mhandisi anafunga ofisi saa nane."

Ilikuwa saa saba na nusu. Walipanda kilima, mama akichechemea mbele, jasho likimtoka, hakupumzika hata mara moja. Kalamu alimfuata na Kibonge mgongoni, roho juu.

Ofisi ya Mhandisi ilikuwa chumba kimoja chenye ramani ya kilima ukutani na rafu ya chupa tupu. Mwenyewe alikuwa baba wa makamo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi pale ulipovunjika mkono. Walimkuta ameshika mkoba, yuko mlangoni.

"Mama Chupa! Jumamosi hii? Na watoto?"

"Mzee, nina kosa," mama alianza. "Goti langu—"

"Nilifanya mimi," Kalamu alisema. Akaeleza kwa mara ya pili, na mara hii hakulia, kwa sababu Mhandisi hakumkatiza wala kumbembeleza. Alipomaliza, mama akaongeza ya kwake: kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtoto, na ndiye aliyetia saini kila mwezi kuwa amechota kwa mkono wake.

Mhandisi aliweka mkoba chini. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu.

"Tisa nukta mbili," alisoma. "Tisa nukta mbili. Tisa nukta mbili. Na juzi, tisa nukta mbili." Akavua miwani. "Mvua zote hizi. Visima vitano vimepanda, hiki kimoja hakikupanda hata kidole. Niliona, mama. Niliona nikasema labda ni mwamba umeyazuia maji, nikafunua ukurasa."

Mhandisi akavaa tena miwani, akanyanyua simu, na tangu dakika hiyo hakuonekana tena kama mtu anayekwenda nyumbani.

Saa tisa alasiri pampu ya bondeni ilifungwa mnyororo. Watu walikuja na ndoo zao, wakakuta Mhandisi amesimama pale na Mama Chupa pembeni yake. Mhandisi aliwaambia ukweli kwa lugha nyepesi: kisima cha kuwalinda hakikupimwa miezi minne, maji huenda ni mazima, huenda si mazima, na hadi ijulikane mtu asinywe. Gari la maji lingefika kabla ya jioni.

"Hakikupimwa kwa nini?" Fundi Cherehani aliuliza. Hakukuwa na utani sautini mwake.

"Kwa sababu yangu," mama alisema.

"Na yangu," Kalamu akasema.

Fundi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mkwe wangu ana mimba ya miezi sita," alisema. "Kila siku namhimiza, kunywa maji, mwanangu, kunywa maji mengi." Akainua ndoo yake tupu, akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili mafundi wawili walikuja na ndoana ndefu. Walivua tangu asubuhi hadi adhuhuri ndipo kopo likatoka, limejaa utelezi. Wakamwaga ndoo tatu kwenye pipa lililofungwa, wakachota chupa, wakachota na nyingine pampuni. Kalamu alitazama kutoka mbali, nyuma ya utepe uliokatazwa kuvukwa. Kibandiko kiliandikwa na fundi mmoja kwa mwandiko mbovu, herufi zimelala huku na huku. Alitamani kwa moyo wake wote kwamba chupa zake nne zingekuwa na mwandiko mbovu kama ule na maji ya kweli.

Majibu yalichukua siku tisa. Siku hizo gari la maji lilikuja asubuhi na jioni, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya pampu, lakini hakuna aliyepiga soga. Shuleni wenzake walisogeza madawati. Hakuna aliyemtukana. Walimwacha tu peke yake, na yeye akaona wana haki.

Siku ya kumi Mhandisi aliwaita watu bondeni. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema maji ya kisima cha tano yana mionzi mara nane ya kiwango kinachoruhusiwa. Handaki la tatu lilikuwa linavuja, na kwa vipimo vyote halikuanza juzi. Ya pili ilikuwa ya pampu.

"Imefika," alisema. "Imefika kidogo, chini ya kiwango. Lakini imefika."

Mtu mmoja aliuliza swali ambalo wote walilibeba. "Na sisi tuliokunywa?"

"Mliokunywa mmekunywa, siwezi kuyarudisha. Daktari anasema kwa kiasi hiki hatarajii mtu augue. Hataapa. Atawapima watoto wote na wajawazito, na atawapima tena mwakani na mwaka wa kufuata."

Vipimo vilifanyika darasani. Mionzi ya aina ile hutoka mwilini kwa mkojo, kwa hiyo kila mtoto alipewa chupa ndogo. Kibonge aliona ni mchezo, akarudi nayo akiringa. Muuguzi alikuwa peke yake na foleni ilizunguka jengo.

"Nani hapa ana mwandiko wa kusomeka anisaidie vibandiko?" aliuliza.

Kila mtu alijua jibu, na hakuna aliyetaka kulitoa. Mwisho Kalamu alisogea, akachukua kalamu. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake. Aliandika jina la Kibonge, umri wake na tarehe, na kila herufi ilimchoma. Muuguzi alidhani ni mgonjwa, akamletea kiti.

Kazi ya kilimani ilianza wiki hiyohiyo. Mashine zilizokuwa hazipatikani hadi kiangazi zilipatikana. Handaki la tatu lilifunuliwa, mapipa mawili yaliyotoboka kwa kutu yakahamishiwa handaki jipya, udongo wa mfinyanzi ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, na mfereji ukachimbwa wa kuyapitisha maji ya mvua mbali. Kati ya kilima na bonde vikachimbwa visima vingine vya kuyavuta maji yaliyochafuka na kuyaweka kwenye matangi, kazi ambayo Mhandisi alisema itachukua miaka. Pampu ya bondeni iling'olewa. Maji mapya yaliletwa kwa bomba kutoka upande wa pili wa kilima, ule ambao maji yake hayapiti kwenye mahandaki.

Majibu ya watoto yalikuja. Kibonge alikutwa na mionzi mwilini, kidogo sana, kama karibu watoto wote wa mtaa. Mkwe wa Fundi Cherehani alijifungua salama mtoto wa kike. Fundi hakuja kuwaambia, ingawa ukuta wao ni mmoja. Walisikia kilio cha mtoto kupitia ukutani, wakajua.

Mama aliondolewa kwenye kupima. Alikaa miezi mitatu bila kazi, na baba akalazimika kuongeza safari. Kisha Mhandisi, ambaye naye alipewa onyo la maandishi, alimwita ghalani akaoshe chupa na kuzipanga, kazi ya kukaa kitini. Mtu mwingine, kijana mwenye magoti mazima, ndiye aliyezunguka visima.

Jioni moja mama alirudi kutoka ghalani na chupa moja tupu. Akaiweka mezani mbele ya Kalamu, pamoja na kibandiko na kalamu.

"Andika," alisema. "Kisima cha tano."

Kalamu aliandika, mkono mzito.

"Weka tarehe ya siku ile ya mashindano." Akaweka. "Sasa andika: Kopo limeangukia kisimani. Sikuweza kuchota."

Kalamu alimaliza, akainua macho.

"Hivyo tu," mama alisema. "Ungeniletea hii siku ile, mimi ningefoka. Mhandisi angefoka. Ningefukuzwa, pengine. Lakini siku ya pili mafundi wangekuja na ndoana, na mtaa huu usingekunywa tone. Chupa tupu yenye maneno ya kweli ingewaamsha. Yako ilikuwa imejaa mpaka shingoni, ikawalaza."

"Nilikuogopa, mama."

"Najua. Na mimi nilimwogopa Mhandisi, nikadanganya kabla yako, kila mwezi kwa saini. Wewe ulijifunza kwangu, sikutupii mzigo wote." Alivuta kiti, akanyoosha goti lake baya. "Lakini lishike hili, uwaambie na wanao. Maji ya chini ya ardhi hakuna anayeyaona. Si mimi, si Mhandisi, si daktari. Tunachokiona ni kile alichokiandika mtu aliyetumwa kuchota. Akiandika uongo, wote tumefumbwa macho, na maji yanaendelea kutembea. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ukikosea, sema nimekosea, siku hiyohiyo, likiwa bado dogo."

Kalamu alikibandika kibandiko, akakilainisha kwa kidole gumba. Mama aliiweka chupa ile kwenye rafu ya jikoni, karibu na jagi la maji, ikakaa hapo.

Miaka miwili baadaye Kibonge, ambaye sasa alikuwa anajifunza kusoma, aliishusha akaigeuzageuza. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kupimwa tena, na alikuwa ameshavaa viatu.

"Dada, mbona hii haina kitu?"

Kalamu aliweka ndoo chini. Wangechelewa zahanati, na miguu yake bado ilipenda haraka. Akavuta kiti, akampakata mdogo wake, akamsimulia yote tangu mwanzo, na alipofika kwenye fundo la mzunguko mmoja hakuliruka.